Dubai REST: apu ya kumcheki dalali kabla hujatoa hata dirhamu moja

Kwenye magrupu yetu ya wasapu ya watu wa Dubai kuna swali haliishi, "wadau huyu dalali ni wa kweli?", halafu chini yake imebandikwa picha ya kadi yenye nembo na jamaa kavaa suti anatabasamu. Majibu nayo ni yale yale, mmoja atasema namfahamu yuko poa, mwingine atasema kimbia, wa tatu anauliza hicho chumba bei gani. Wakati jibu lenyewe lipo kwenye simu, bure, tena la serikali. Apu inaitwa Dubai REST, wengi wenu mnayo tayari kwa sababu ya Ejari, ule mfumo wa kusajili mkataba wa kupanga nyumba, ila naona watu hawajui kama humo humo unaweza kumcheki dalali, ndo maana leo nimekaa niiandikie rivyuu. Ndefu kidogo mtanisamehe.

Nianze na mlio bado nyumbani mnapanga kuja. Huku mtu haamki tu asubuhi akasema mimi ni dalali wa nyumba. Mambo ya nyumba na viwanja yako chini ya Idara ya Ardhi ya Dubai ambayo ipo tangu 1960, na ndani yake kuna chombo kinaitwa RERA kilichoanzishwa 2007, hao ndo wenye kiboko cha madalali na matangazo yao. Dalali anasoma kozi, anafanya mtihani, anapeleka cheti cha polisi kwamba ni mtu safi, na lazima awe chini ya ofisi iliyosajiliwa, hapo ndo anapewa kadi yenye namba yake, watu wanaiita BRN. Ofisi nayo ina namba yake, hiyo ni ORN. Kadi inahuishwa kila mwaka, ikiisha imeisha.

Kwetu Dar mnajua ilivyo, ukitaka nyumba unamuuliza mangi wa dukani, mangi anampigia mtu, anatokea jamaa na ndala ana funguo za nusu ya mtaa, mnazunguka juani weee, ukipenda chumba unamlipa kodi ya mwezi mmoja na hujui hata jina lake la pili. Mimi sisemi ni wabaya, nimepangishiwa na hao hao miaka yote. Wakenya wenyewe wana bodi ya kusajili mawakala wa nyumba kwa sheria ya 1984 lakini mpangaji gani wa Nairobi unamjua aliwahi kuuliza cheti? Tunakuja huku na mazoea hayo hayo, tunamwamini mtu kwa maneno yake, na matapeli wanatujua kuliko tunavyojijua.

Haya, apu yenyewe. Ipo ya Android na ya iPhone, hulipii kitu. Mambo yako binafsi kama kuona mkataba wako unaingia kwa UAE Pass, kile kitambulisho cha kidijitali cha huku, lakini kwa wewe ambaye bado uko Tanga au Mombasa hujapata hata kitambulisho cha huku usiwe na presha, tovuti ya Idara ya Ardhi ina sehemu ya kutafuta madalali wenye leseni na hiyo yeyote anaifungua. Lugha ni Kiingereza na Kiarabu, Kiswahili usikitafute.

Unamtafuta kwa jina au kwa namba. Tumia namba. Nasema tena tumia namba, kwa sababu majina ya huku yameandikwa kutoka Kiarabu kuja Kiingereza na kila mtu na herufi zake, jaribu kumtafuta Mohammed uone utakavyojiuliza ni Mohamed au Muhammad au Mohamad, na madalali wenyewe Dubai ni maelfu kwa maelfu. BRN inaleta mtu mmoja. Kama dalali hataki kukutajia BRN yake ujue umeshapata jibu, dalali halali hiyo namba anaiandika mpaka kwenye sahihi ya imeili, ni kama fundi gari anavyoonyesha mikono yenye grisi.

Kinachotokea hapo ni jina, ofisi anayofanyia kazi, namba ya simu, na tarehe leseni ilipoanza na inapoisha. Basi. Kidogo hivyo, na watu wengi wakishaona jina limetokea wanapumua, wanasema alhamdulillah yupo, wanatuma hela. Hapo ndo ninapotaka tukae kidogo, kwa sababu apu imekujibu swali moja tu, kwamba mwenye namba hii ana leseni. Haijakwambia kama huyo unayechati naye ndo mwenye namba.

Kuna dogo mmoja wa kwetu alipata kazi kwenye hoteli, akawa anataka kutoka kwenye chumba cha kampuni akae na mkewe. Akaona kwenye Facebook tangazo la studio ya International City, imepigwa picha safi, bei iko chini kuliko jirani zote, na mwenye tangazo anaandika Kiswahili. Kiswahili kitamu kabisa, "kaka usiwe na wasiwasi mimi ni mtu wa nyumbani, siwezi kukutupa". Akamtumia picha ya kadi. Dogo akaniletea, akasema bro tucheki. Tukaingiza BRN, ikaja fasta, leseni hai, jina linafanana herufi kwa herufi na la kwenye kadi, ofisi ya kweli ipo. Dogo keshafungua apu ya benki, jamaa anadai dirhamu 1,000 za kushikilia studio maana eti kuna Mfilipino anaitaka kesho asubuhi.

Nikamwambia tulia mdogo wangu, soma jina tena. Jina la kwenye kadi ni la mtu wa Bara Hindi, ukoo wake wote. Sasa huyu wa "siwezi kukutupa" na lafudhi ya pwani kwenye voisi amekuwaje huyo? Dogo akamuuliza. Jibu likaja, "hiyo kadi ni ya bosi wangu, mimi namfanyia kazi".

Hapo weka nukta. Leseni ya udalali Dubai ni ya mtu, haiazimwi. Bosi akiwa na leseni haimfanyi kijana wake awe nayo, kila anayefanya kazi ya udalali anatakiwa awe na kadi yake, na kama ni kijana tu wa kukufungulia mlango basi afungue mlango, hela asiguse. Tukaangalia namba ya simu iliyoko kwenye apu, siyo ile anayochatia. Tukapiga ya ofisi. Dada wa risepsheni akatwambia huyo dalali ni wao na yupo, lakini studio ya jengo hilo hawana, na hilo tangazo hawalijui, na siyo nyinyi wa kwanza kupiga. Dogo akarudi wasapu, kwa adabu zote, "kaka naomba nije ofisini nilipe pale". Tiki mbili za bluu. Baadae picha ya profaili ikapotea na mtu wa nyumbani akapotea nayo.

Kwa hiyo namna ninavyoitumia mimi ni hivi, BRN inanipa ofisi, ofisi inanipa simu, simu napiga mimi mwenyewe kwa namba niliyoitoa kwenye apu na siyo aliyonipa yeye, nauliza vitu viwili tu, huyu mtu ni wenu na hii nyumba mnayo? Dakika chache imeisha. Na angalia kama ofisi iliyoko kwenye apu ndo hiyo iliyoko kwenye kadi na kwenye mkataba, maana madalali wanahamahama sana, mtu kaacha kazi sehemu lakini kadi ya zamani bado iko mfukoni na anaendelea kuitembeza, wakati leseni yake ilikuwa imefungamana na ile ofisi aliyoiacha.

Kitu kingine ambacho watu hawakijui ni kwamba siyo dalali tu ndo anatakiwa kuwa na kibali, hata tangazo lina kibali chake. Kila nyumba inayotangazwa inaombewa namba kwenye mfumo wa vibali wa Idara ya Ardhi unaoitwa Trakheesi, na siku hizi matangazo yanakuja na alama ya QR, ukienda kwenye tovuti za matangazo ya nyumba kama Property Finder au Bayut shuka chini kabisa ya tangazo, pale ambapo watu hawasomi, utaiona pamoja na namba ya kibali na BRN na ORN. Skani. Inakupeleka kwa Idara ya Ardhi wenyewe unaona kibali ni cha nyumba gani na cha ofisi gani. Hii kwangu ina faida kuliko hata kucheki dalali, maana tapeli anaweza kuiba picha za nyumba na kuweka bei yake lakini ile alama ikisomeka itasema ukweli, utaona umeonyeshwa studio ya Deira na kibali kinasema flati ya vyumba viwili Dubai Marina. Matangazo ya TikTok na Facebook yasiyo na hivi vitu mimi siyapigii hata simu, acha nionekane najidai.

Tena ukiwa humo humo kwenye apu kuna sehemu ya kuhakiki hati ya nyumba. Muombe dalali nakala ya hati na nakala ya pasipoti ya mwenye nyumba, hakiki hati, halafu linganisha jina la kwenye hati na jina la kwenye mkataba na jina utakaloandika kwenye hundi. Majina matatu yanatakiwa kuwa mtu mmoja. Ikiwa anasaini mwingine kwa niaba yake lazima kuwe na hati ya uwakilishi, na siyo ya kuonyeshwa kwa mbali kwenye simu.

Tuje kwenye hela maana hapo ndo watu wanaumia. Chukua mfano studio ya dirhamu 40,000 kwa mwaka. Komisheni ya dalali kwa kawaida huku ni asilimia 5 ya kodi ya mwaka, hapo ni 2,000, na juu ya komisheni kuna VAT asilimia 5 ambayo ipo tangu Januari 2018, yaani 100, jumla 2,100. Hiyo inakwenda kwa OFISI, kwa jina la ofisi, na unapewa risiti yenye namba yao ya usajili wa VAT. Dipoziti ya nyumba isiyo na fanicha kwa kawaida ni asilimia 5, yenye fanicha 10, hiyo inakwenda kwa mwenye nyumba siyo kwa dalali. Kodi yenyewe ni hundi za tarehe za mbele kwa jina la mwenye nyumba. Kwa hiyo ukiona mtu mmoja anakwambia nitumie yote kwenye akaunti yangu nitagawa mwenyewe, hata kama BRN yake imesoma vizuri na simu umepiga na ofisi wamemkubali, mimi ningeondoka. Leseni haizuii mtu kuwa na tamaa.

Na kuna hawa wa "hela ya kuonyeshwa nyumba". Dubai dalali anakula komisheni mambo yakishakamilika, ukiombwa mia mia mbili za kwenda kuona tu jua unaongea na kijiwe kilichohamia ughaibuni.

Sasa mapungufu, na hili ni kubwa kwa watu wetu. Sisi wengi hatukodi studio nzima. Tunakaa bedspesi, yaani unakodi kitanda tu kwenye chumba cha watu wengi, na patisheni, Deira, Al Rigga, Satwa, Karama, mtu kachukua flati ya vyumba viwili kaikata kwa mbao vimetoka vibanda nane, anapangisha kila kimoja na yeye anaishi humo kwa bure. Huyo siyo dalali, hana BRN na hatakaa awe nayo, na apu haina cha kukwambia juu yake. Sheria ya upangaji ya Dubai, ile namba 26 ya 2007, inasema mpangaji hapangishi mtu mwingine bila ruhusa ya maandishi ya mwenye nyumba, na katikati ya 2025 manispaa walipita Al Rigga, Muraqqabat, Satwa na kwingine wakibomoa patisheni, mnakumbuka ilivyokuwa, watu na mabegi kwenye korido wanatafuta pa kulala usiku huo huo. Waliokuwa wametoa dipoziti kwa "mwenye chumba" wakamdai nani?

Kwa watu wa bedspesi kuna kitu kimoja humo kinachosaidia, ile sehemu ya kuwaandikisha wakaaji wenza iliyoletwa 2022. Mwenye mkataba wa Ejari anaingia kwa akaunti yake anakuongeza wewe unayekaa naye, jina na kitambulisho. Muulize huyo anayekupangishia, "dada utaniandikisha kwenye Ejari?" Umuulize kwa heshima tu, halafu uangalie macho yake. Akisema ndiyo na akafanya kweli unaishi kwa amani. Akianza oh unajua mwenye nyumba ni mkorofi, oh tutaona mwezi ujao, basi Ejari siyo yake au flati haina ruhusa, na wewe dipoziti yako iko mikononi mwa mtu asiye na chochote kinachomfunga. Uamuzi ni wako, najua mshahara wa dirhamu 1,500 hauchagui, sitaki kujifanya mjuaji hapa.

Ukishapigwa je? Apu hairudishi hela, kuisifia kote huku nisije nikawadanganya. Kama ni tapeli asiye na leseni hiyo ni kesi ya polisi, Polisi wa Dubai wana jukwaa lao la kuripoti uhalifu wa mtandaoni na namba 901 kwa mambo yasiyo ya dharura, peleka skrinshoti zote pamoja na namba ya akaunti uliyotumia hela, usifute chati kwa hasira. Kama ni dalali mwenye leseni aliyekuzungusha, hapo ile BRN ndo inakuwa dhahabu maana malalamiko yanakwenda Idara ya Ardhi na yana mtu wa kumshika, wanaweza kumpiga faini au kuichukua kadi yake. Ugomvi wako na mwenye nyumba ndo una kituo chake cha migogoro ya upangaji, kipo tangu 2013. Mtofautishe hayo matatu, nimeona watu wanazungushwa wiki nzima kwa sababu walianzia mlango usio wao.

Nyota nne kati ya tano kutoka kwangu. Ni bure, ni ya serikali, inajibu papo hapo, na kwa mtu anayepanga nyumba nzima au anayenunua sioni sababu ya kumfuata dalali bila kupita hapo. Kwa wanaonunua sitasema mengi, komisheni kwa kawaida asilimia 2 na ada ya kuhamisha umiliki asilimia 4, kwa hela hizo usipocheki namba ya mtu sijui unasubiri nini. Nyota moja nimeikata kwa ajili ya watu wa patisheni, ambao ndo wanaopigwa zaidi na ndo hawana pa kucheki.

Halafu kuna ishu ya mipaka, naona hata wakongwe wanachanganya. Hii apu ni ya Dubai, Dubai tu. Al Nahda zipo mbili, moja ya Dubai nyingine ya Sharjah, emirati ya jirani, zimeachana kwa barabara, wengi wetu tumekaa ile ya upande wa pili kwa sababu ya kodi ndogo halafu asubuhi tunavuka na foleni. Ukivuka tu hiyo barabara hakuna Ejari, hakuna RERA, mikataba ya Sharjah inagongwa na manispaa ya Sharjah, Ajman nao wana manispaa yao, Abu Dhabi mkataba unasajiliwa kwenye Tawtheeq. Kwa hiyo dalali akikuonyesha BRN ya Dubai kwa nyumba iliyoko Sharjah, hiyo kadi inaweza kuwa ya kweli kabisa na bado isiwe na kazi kwenye jengo mlilosimama mbele yake. Uliza jengo liko emirati gani kabla ya kuuliza kitu kingine, na usimuulize dalali, muulize wachimani wa jengo umeme wanalipia wapi, akisema DEWA, yaani shirika la umeme na maji la Dubai, uko Dubai, akisema SEWA, lile la Sharjah, umeshavuka.